Mada: Composition II ya fasihi na utafiti: wiki 8 au muhula mzima?

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Wapendwa, salaam.

Naomba ushauri kwa waliokwisha kupita njia hii. Composition I, somo la kwanza la uandishi wa Kiingereza chuoni, nimeimaliza salama muhula uliopita. Sasa mshauri wa chuo anasema programu ya uuguzi haitalifungua faili langu mpaka niwe na Composition II, ile ya fasihi na utafiti. Silabasi nimeiona: insha tatu fupi (hadithi fupi, ushairi, tamthilia), halafu karatasi ya utafiti ya kurasa 8 hadi 10 kwa mtindo wa MLA wa kunukuu vyanzo, navyo visipungue sita.

Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na pacha wangu mnawajua. Kuna darasa la mtandaoni la wiki 8 na la ana kwa ana la wiki 16. La wiki 8 linanivutia, maana nataka liishe. Nichukue lipi? Na jingine: fasihi mara ya mwisho niliigusa kidato cha nne, fani na maudhui, kwa Kiswahili. Inasaidia chochote huku?

---

Kutoka: Dereva, Indianapolis

Dada, la wiki 8 achana nalo.

Hesabu iko hivi. Kwa kanuni ya serikali ya shirikisho, krediti moja ni saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki kama 15. Somo la krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki. Ukilibana liingie kwenye wiki 8, kazi haipungui. Inakuwa karibu saa 17 kwa wiki. Na wewe unakesha na wazee! Mimi hesabu niliisoma kwa wiki 8 nikiwa barabarani, ikaenda, kwa sababu hesabu unaegesha lori, unakokotoa, unaangalia jibu nyuma ya kitabu, umemaliza. Insha haina jibu nyuma ya kitabu. Rasimu lazima uiache siku mbili tatu ndipo uuone ubovu wake, na darasa la wiki 8 halikupi siku hizo.

Kama unasoma kwa Pell Grant, ile ruzuku ya serikali, jihadhari na kujitoa katikati. Ukiacha masomo yote kabla ya asilimia 60 ya muhula kupita, chuo kinapiga hesabu ya fedha ambazo hukuzistahili, na sehemu yake inaweza kukurudia kama deni. Hata ukiacha somo moja tu, ile W (alama ya kujitoa) haishushi wastani, lakini inahesabiwa kama krediti ulizojaribu bila kuzimaliza, na ofisi ya misaada ya fedha inaziangalia.

---

Kutoka: Mwanafunzi, Houston

Shikamooni wakubwa.

Naongezea kwa ajili ya sisi wa F-1, viza ya wanafunzi, maana najua tuko wengi humu. Kila muhula tunatakiwa kuwa na masomo kamili, ambayo kwa shahada ya kwanza ni krediti 12, na ndani ya hizo ni somo moja tu la mtandaoni, yaani krediti 3, linaloingia kwenye hesabu. Kwa hiyo kama tayari mna somo la mtandaoni, hili lisomeni darasani. Na msiache somo lolote kabla ofisa wa wanafunzi wa kigeni hajaidhinisha kwenye mfumo. Kuacha kwanza na kueleza baadaye ni kuchezea viza.

Jambo jingine, Composition II si moja kila mahali. Huku Texas ni ENGL 1302 kwenye vyuo vya umma vya jamii na krediti zinahamishika kwa urahisi, lakini kuna madarasa ya 1302 yasiyogusa fasihi hata kidogo, ni hoja na utafiti mtupu. Mama Pacha, waulize watu wa uuguzi kwa barua pepe wanaitaka ipi, na jibu lao ulitunze.

---

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Maryland

Marahaba mwanangu.

Mama Pacha, swali lako la pili ndilo zito. Nafundisha somo hili jioni, na wanafunzi wa kwetu nawatambua kwenye aya ya kwanza. Fani na maudhui inasaidia, tena sana. Wenzako wengi darasani hawajawahi kuulizwa mandhari yanafanya kazi gani, au kwa nini mhusika fulani hapewi jina. Wewe uliulizwa hayo ukiwa na miaka kumi na sita. Vifaa unavyo.

Shida iko kwenye mpangilio. Kwetu swali lilikuwa "jadili dhamira zinazojitokeza", na ukizitaja tano, kila moja na mfano wake, umepata alama zako. Huku orodha ya dhamira tano ni insha ambayo haijaanza. Profesa anataka dai moja, ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga, limekaa mwishoni mwa aya ya kwanza, na kila aya inayofuata inalitumikia. Aya isiyolitumikia inatoka, hata iwe tamu kiasi gani.

Nikupe mfano wa tamthilia inayosomeshwa sana kwenye kozi hizi, *Trifles* ya Susan Glaspell, 1916. Ni fupi, ya onyesho moja. Mkulima amenyongwa kitandani, mkewe yuko rumande. Wanaume wa sheria, pamoja na jirani mkulima, wanazunguka chumbani na bandani kutafuta sababu ya mauaji, huku mke wa sherifu na mke wa jirani wamebaki jikoni. Ni hao wanawake wanaomkuta ndege wa yule mke, kavunjwa shingo, kafichwa kwenye kisanduku kizuri ndani ya kikapu cha ushonaji, na wanaamua kunyamaza.

Insha ya kidato cha nne ingeandika hivi: dhamira ni nafasi ya mwanamke, ukatili katika ndoa, upweke, mshikamano. Zote kweli, na hakuna mtu wa kubishana nawe. Sasa soma hii: "Wanawake hawamfichi ndege kwa huruma tu, wanaendesha kesi hapo jikoni, wanapima ushahidi ambao wanaume wameudharau, na wanatoa hukumu." Hapo kuna ubishi. Mtu anaweza kusema hapana, ni huruma tupu, au ni hatia ya majirani ambao hawakuwahi kumtembelea. Inabidi urudi kwenye maandishi uonyeshe: nani anasema nini, nani anacheka, mkono wa nani unafumua mshono uliokwenda kombo.

Na ukifika kwenye utafiti, tamthilia ile ile ina kisima. Glaspell alikuwa mwandishi wa gazeti Iowa, na aliiripoti kesi ya kweli ya Margaret Hossack, aliyeshtakiwa kumuua mumewe Desemba 1900. Alihukumiwa mwaka uliofuata, rufaa ikaifuta hukumu, na kesi ya pili baraza la wazee wa kesi likashindwa kukubaliana. Baraza lile halikuwa na mwanamke hata mmoja. Ukilijua hilo, dai la "kesi ya jikoni" linapata miguu. Lakini historia haichukui nafasi ya dai. Nimepokea karatasi nyingi zenye kurasa nne za wasifu wa mwandishi, na hadithi yenyewe inatokea ukurasa wa sita kama mgeni aliyechelewa harusi.

Halafu, tafadhali, usianze na methali. Najua tulifundishwa. Huku wanaifuta.

---

Kutoka: Papa, Louisville

Jambo kwenu wote. Miye nilisoma Bukavu, kwa Kifaransa, na ugonjwa wetu ni mwingine kabisa. Sisi tulifundishwa kuandika kwa ngazi tatu: leta wazo, lipinge, kisha uyapatanishe. Msimamo wako unaonekana mwisho, na ukiutoa mapema unaonekana mtu asiye na adabu. Profesa wa Marekani akisoma kurasa mbili bila kujua uko upande gani, anaandika pembeni: "Dai lako ni lipi?" Kumbe kazi yote iko pale, imegeuzwa kichwa chini tu. Chukueni ile synthèse, yaani upatanisho wa mwisho, muilete mbele, na lile pingamizi mlifanye aya moja karibu na mwisho, mlijibu. Ndugu wa Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa watanielewa.

Tena, kituo cha uandishi cha chuo ni bure. Usiende kusema "nisahihishie Kiingereza", watakataa. Nenda na karatasi ya maswali ya profesa na useme: dai langu ni hili, je, aya hizi zinalitumikia?

---

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Jamani asanteni. Papa, umenichekesha na umenisaidia.

Kwenye utafiti profesa ameruhusu kujichagulia mwandishi. Nafikiria Abdulrazak Gurnah, riwaya yake *Paradise*, kwa kuwa ni wa kwetu. Wenzangu wananiambia nichukue cha Kimarekani maana vyanzo ni vingi. Na kuna hii ya mashine za kukamata maandishi ya AI (akili mnemba). Kiingereza changu ni cha kunyooka, sentensi fupi fupi, naogopa nitaambiwa ni roboti.

---

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Maryland

Mchukue Gurnah bila wasiwasi. Riwaya ile ya 1994 iliingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker, na baada ya Nobel ya 2021 ndio watu wamezidi kumwandikia. Vyanzo sita utavipata kwa jioni moja. Ingia JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma, kupitia ukurasa wa maktaba ya chuo, si kupitia Google, ili usidaiwe hela. Andika jina la mwandishi pamoja na la kitabu, maana ukiandika Paradise peke yake utaletewa mashairi ya Milton mpaka asubuhi. Jarida la *Research in African Literatures* ni pa kuanzia. Makala ambayo maktaba haina, omba iazimwe chuo kingine. Kwa kawaida mwanafunzi halipi kitu.

Hatari ya Gurnah kwako ni kwamba pwani unaijua. Utaandika unachokijua wewe badala ya kilichomo kitabuni, na huwezi kumnukuu bibi yako wa Tanga. Kaa na ukurasa. Kwa mfano bustani ya mfanyabiashara Aziz: wengi wataandika kwamba ni pepo yenye kuta, na imeshasemwa. Mtazame Mzee Hamdani, mtunza bustani, ambaye alipewa uhuru wake akaukataa. Kwa nini Gurnah amweke yeye pale, mbele ya Yusuf aliyewekwa rehani na baba yake kwa sababu ya deni? Hapo pana dai.

Kuhusu mashine, hofu yako ina msingi. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walizijaribu programu saba za kutambua AI kwa insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni) zilizoandikwa na watu wenyewe, na kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa za mashine. Kwa hiyo andikia Google Docs tangu sentensi ya kwanza; historia ya mabadiliko inabaki humo, saa kwa saa. Maelezo ya mkono usiyatupe. Muulize profesa mapema kama Grammarly, programu ya kusahihisha Kiingereza, inaruhusiwa. Ile asilimia ya Turnitin, programu ya kukagua maandishi yaliyonakiliwa, nayo isikunyime usingizi. Ni kiasi cha maneno yanayofanana na ya kwingine, na nukuu zako halali zinaweza kuwamo.

Kimoja ambacho wenzako hawana: ukisoma makala ya mhakiki, ifunge, andika kwa Kiswahili alichosema, na namba ya ukurasa. Kesho yake andika Kiingereza chako kutoka kwenye Kiswahili hicho. Maneno yake hayatakufuata. Ila wazo bado ni lake, kwa hiyo jina lake na ukurasa vinakaa kwenye mabano pale pale, na nukta inakuja baada ya mabano.

---

Kutoka: Mama Pacha, Columbus

Nimejiandikisha la wiki 16, Jumanne na Alhamisi saa nane mchana. Meneja amekubali kunitoa zamu za Jumatatu na Jumatano usiku, kwa hiyo nitakuwa nimelala. Mwalimu, nikishapata dai la Mzee Hamdani naweza kukutumia pembeni uliangalie?

---

Kutoka: Mwalimu wa jioni, Maryland

Litume hapa hapa, wengine nao wapate kulibishia. Sentensi moja, si ukurasa.