Ndege, baiskeli au vilima? Tunaosomesha watoto nyumbani, nisaidieni kuchagua

MamaWatatu (Ruiru)

Habari za jioni wenzangu. Nina watoto watatu ninaowasomesha nyumbani: wa miaka 13, wa 9 na kitinda mimba wa 6. Vitabu tunafunga kama saa tano na nusu asubuhi, na hapo ndipo kasheshe huanza. Mkubwa anatafuta simu, wa kati anamchokoza mdogo, nami nina oda za keki zinanisubiri jikoni. Baba yao anarudi usiku.

Nataka shughuli ya nje, ya kudumu, si ile ya kufanywa wiki mbili kisha vifaa vikae stoo. Pesa zinatosha kuanza kitu kimoja kwa sasa. Tumebaki na hivi:

Kutazama ndege. Wa kati anapenda sana, ana daftari lake. Hofu yangu ni kwamba mdogo hawezi kutulia.

Baiskeli. Wote watatu wanaililia. Lakini ni baiskeli tatu, na barabara zetu mnazijua.

Kupanda vilima na kutembea msituni. Mzee anapendelea hii kwa sababu naye anaweza kuja Jumamosi.

Wenye uzoefu, semeni ukweli. Nini kilidumu kwenu?

SpokuMoja (Kikuyu)

Baiskeli, dada. Sioni cha kujadili.

Haya, nijadili kidogo. Usinunue tatu mpya. Nunua za mitumba, na ununue kwa kimo, si kwa umri wala kwa rangi anayoipenda. Kwa kawaida wa 6 ataenea kwenye ringi ya inchi 16, wa 9 inchi 20, wa 13 inchi 24 au hata 26 kama amerefuka. Asimame akiwa ameipanua miguu juu ya fremu, nyayo zote mbili chini. Ile ya "atakua tu aikute" ndiyo inayovunja watoto meno.

Mdogo kama hajui kuendesha, usimwekee magurudumu ya pembeni. Mwondolee pedali, teremsha kiti hadi miguu iguse chini, mwachie ajisukume uani. Akishajua kuegemea na kunyooka, rudisha pedali. Utashangaa.

Barabara: njia ya pembeni ya Thika Road sahau, bodaboda wameshaifanya yao. Lakini wewe uko Ruiru, umezungukwa na mashamba ya kahawa. Omba ruhusa kwa msimamizi, zile barabara za ndani hazina magari kabisa siku za kazi. Na siku mkitoka mbali, msitu wa Karura kule Nairobi una njia zaidi ya kilomita 50 na baiskeli za kukodi, mnaweza kujaribu kabla ya kununua chochote.

Halafu, Froome aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mara nne alizaliwa Nairobi na kufunzwa na mwendesha baiskeli wetu David Kinjah hapa hapa kwetu Kikuyu. Nawaza tu kwa sauti.

BabaMapacha (Ngong)

@SpokuMoja kila uzi lazima Froome aingie 😂

Mimi ni mtu wa vilima. Mapacha wangu wana miaka 10 na tumekuwa tukitembea tangu wakiwa wadogo. Faida ya kwanza ni viatu tu, hununui kitu kingine. Ya pili, mnatembea mkiongea. Mtoto wangu mmoja ni bubu nyumbani, lakini mpandishe Ngong, akifika kilima cha tatu anakueleza mambo ya mwezi mzima.

Na masomo yamo humo humo. Ile mitambo ya upepo kule juu inazalisha megawati 25.5. Tulikaa chini yake tukahesabu panga inazunguka mara ngapi kwa dakika, kisha wakaanza kuuliza kwa nini wameijenga pale na si kwetu bondeni. Sikuwa nimepanga somo lolote siku hiyo.

Tahadhari: Ngong nendeni na askari wa msitu, msiende peke yenu. Mlima Longonot usimpeleke huyo wa 6 bado. Kutoka getini hadi ukingoni ni kama kilomita 3 za vumbi na mwinuko, na ukitaka kuzunguka kreta ongeza 7 nyingine. Utambeba mgongoni, na jua la Naivasha halina huruma.

Kipepeo (Nairobi)

Mama Watatu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema shida ni saa tano na nusu, siku za kazi, wewe ukiwa na unga mikononi. Sasa Ngong itakusaidiaje Jumanne? Vilima ni vya Jumamosi, na Jumamosi haikuwa na shida.

Ndege wako hapo nje sasa hivi. Hata Ruiru. Kwarara watakuamsha alfajiri, mwewe yuko juu ya machinjio, chozi kwenye maua ya jirani. Kuna mti wenye viota vya kwera karibu na kwenu? Wape watoto viti, wakae waangalie. Dume husuka kiota chote kwa majani mabichi, kisha ananing'inia chini yake akipigapiga mabawa ili jike aje kukagua. Majike wakikikataa hadi kikakauka, anakibomoa mwenyewe na kusuka kingine. Wangu walimpa mmoja jina, wakawa wananiletea habari zake jikoni: "Mama, amekataliwa tena!" Huyo wa 6 unayesema hatulii, mpe kazi ya kuwa ripota.

Jambo jingine. Shirika la mazingira la Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, wanakutana Makumbusho ya Taifa. Jumatano asubuhi! Watoto wa shule hawawezi, wako darasani. Wetu wanaweza. Wanatembea na wazee ambao wameangalia ndege miaka arobaini na wanafurahi kuulizwa maswali. Nani mwingine atakupa mwalimu kama huyo?

Vifaa: darubini moja ya pamoja ya 8x32 inatosha. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Usidanganywe na 10 au 20, mkono wa mtoto hutetemeka na picha inaruka. Kabla ya kulipa, mwambie wa 6 aangalie, kwa sababu nyingi hazikunjiki kufikia macho yake yalivyokaribiana, ataona miduara miwili badala ya mmoja. Na zile za barabarani zenye lenzi nyekundu zinazong'aa, waachie wenyewe.

Mkulima_Juja

Sungura. Wanakula, wanazaa, unauza. Hobi inayolipa.

Kipepeo (Nairobi)

@Mkulima_Juja nani anasafisha banda baada ya mwezi mmoja? Mama.

Mkulima_Juja

Hapo umenishika.

MamaNeema (Kilifi)

Sisi wa pwani tunaunga mkono ndege, ila si lazima ukae kimya kama msikitini. Tunaenda hori ya Mida maji yakitoka. Kuanzia Oktoba wale ndege wageni wa kutoka kaskazini wamejaa kwenye matope, mpaka kama Aprili wanapoondoka. Watoto wanachafuka, wanashika kaa, mkubwa anahesabu ndege. Kila mmoja na lake. Jedwali la maji kujaa na kupwa tumelibandika kwenye friji, na hiyo imekuwa hesabu na jiografia yetu ya asubuhi. Msitu wa Arabuko-Sokoke pia si mbali, lakini kule mchukue mwelekezi, na yule bundi mdogo wa Sokoke bila mwelekezi hamtamwona hata mkeshe.

Kwa hiyo mimi sioni kama ni ndege *au* kutembea. Ni safari ile ile.

Mzazi_Mpya (Nakuru)

Samahani kuingilia. Hamwogopi watoto kuonekana nje saa za shule? Wangu walisimamishwa na mzee wa Nyumba Kumi, akauliza mbona hawako darasani, nusura aite chifu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 si inadai mtoto aandikishwe shule?

BabaMapacha (Ngong)

Wangu huulizwa pia. Niliwapeleka kwa mzee wa mtaa wetu nikamwonyesha vitabu na ratiba, tukanywa chai. Siku hizi akiwaona anawauliza wamesoma nini leo, na wasipojibu vizuri ananipigia simu.

Msimamizi

Suala la sheria lina uzi wake, tafadhali liendelezeni huko. Hapa tubaki na ndege, baiskeli na vilima (na sungura).

Dada_Dallas

Huku Marekani mtoto wa darasa la nne hupata pasi ya kuingia hifadhi za taifa bure mwaka mzima, yeye na waliomo garini, na wanaosomea nyumbani wenye umri huo wamo pia. Laiti kungekuwa na kitu kama hicho huko nyumbani, kwa sababu viingilio vya familia ya watano si mchezo. Ila niseme: pamoja na pasi hiyo, wangu wanachokumbuka zaidi ni kijito kilicho nyuma ya nyumba yetu.

Kijana_Limuru

Shikamooni. Mimi nina miaka 19, nilisomea nyumbani hadi nilipomaliza IGCSE, ule mtihani wa sekondari wa mfumo wa Uingereza. Naomba niseme kwa niaba ya huyo wa 13, kwa sababu hapa kila mtu anamwongelea wa 6.

Mama, mtoto wa miaka 13 anayeshinda na wadogo zake kuanzia asubuhi hadi usiku hahitaji hobi ya familia. Anahitaji mahali pa kwenda bila wao. Wazazi wangu walikuwa wazuri sana, lakini kila tulichofanya tulifanya watano, na mimi nilikuwa yaya asiyelipwa: shika mkono wa huyu, mfunge kamba huyu, msubiri huyu. Nilichukia kutembea msituni kwa miaka kadhaa, na msitu haukuwa na kosa.

Nilipopewa baiskeli ndipo nilipopumua. Nilikuwa naenda dukani, maktaba, kwa rafiki, narudi saa niliyoahidi. Mwaka ujao atafikisha 14, anaweza kujiunga na President's Award, mpango wa tuzo za vijana. Inapokea vijana wa 14 hadi 24, kuna shaba, fedha na dhahabu, na ndani yake mna huduma kwa jamii, ujuzi, mazoezi na safari ya nje. Atakutana na wenzake wa rika lake. Ulizia kituo kinachopokea wasio shuleni.

SpokuMoja (Kikuyu)

Nimeipenda hii. Na si kwa sababu imetaja baiskeli.

Kipepeo (Nairobi)

Kijana amenisahihisha kiungwana. Niongeze kitu kwa huyo mkubwa kama atapenda: Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Nchi imegawanywa vipande vya kama kilomita 9 kwa 9. Unachagua kipande, unatafuta ndege kwa angalau saa mbili, unaandika kila aina kwa mpangilio ulivyowaona, unatuma kwa simu kupitia programu ya BirdLasser. Ni data inayotumiwa na watafiti. Yaani ile simu unayompokonya ndiyo itakuwa kifaa chake cha kazi. Na vipande vingi havina watu wa kuviangalia, kwa hiyo akiwa na baiskeli...

BabaMapacha (Ngong)

Mnataka kuniacha peke yangu na vilima vyangu. Sawa. Lakini nitetee hoja yangu: watoto wanahitaji pia kitu cha kusubiri. Kila siku uani, uani, hata kwera huchosha. Wapelekeni Karura hata mara moja kwa mwezi. Wakifika kwenye maporomoko, waambieni kwamba Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa akitaka kupanda mti katika msitu huu ulipokuwa ukigawiwa wajenzi. Wangu walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama miti hii tunayoiona ni ile. Kitabu hakikuwahi kuwapata hivyo.

MamaWatatu (Ruiru)

Nimesoma yote, mengine nikiwa nimesimama jikoni. Asanteni sana. Kijana wa Limuru, marahaba, umenigusa. Nilimsomea mkubwa ulichoandika. Akasema "si nilikuambia," akaenda chumbani.

Tumeamua hivi. Baiskeli moja tu kwa sasa, ya mkubwa, yake peke yake, na ruhusa ya kwenda hadi maktaba na kurudi. Wadogo darubini moja ya kushirikiana na ule mti wa nyuma ya kanisa, una viota tele. Mzee atapata Karura yake Jumamosi moja kwa mwezi. Kwa hesabu yangu, baiskeli moja ya mitumba na darubini vinaingia kwenye bajeti niliyokuwa nimetenga, mradi darubini nisikimbilie ya bei ya juu.

@SpokuMoja, hujachoka na maswali ya baiskeli? Jumamosi tunaenda kuangalia moja ya inchi 24. Muuzaji anasema "iko sawa kabisa". Niangalie nini?

SpokuMoja (Kikuyu)

Wote husema iko sawa kabisa.

Inua gurudumu la mbele, lizungushe, uangalie nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Ikicheza kushoto na kulia, ringi imepinda. Pindo dogo fundi atanyoosha kwa kukaza spoku, kubwa achana nayo. Fanya hivyo na la nyuma. Shika kranki zote mbili (mikono ya chuma inayoshika pedali) uzitikise kando: zikigonga, beringi zimekwisha, punguziwa bei. Tazama fremu pale mabomba yanapoungana, chini ya rangi, kama kuna ufa au mahali palipochomelewa upya. Hiyo hainunuliwi hata kwa nusu bei. Breki zishike zote mbili. Cheni yenye kutu tu isikutishe, ni ya kubadilisha.

Omba risiti na uandike namba iliyogongwa chini ya fremu, kwa sababu za wizi ni nyingi.

Na siku hiyo hiyo mnunulie helmeti, kiraka, msasa, solusheni na pampu. Pancha ya kwanza azibe mwenyewe: tyubu kwenye beseni la maji, atafute mapovu, akaushe, akwangue, apake solusheni na *asubiri ikauke* kabla ya kubandika kiraka. Hapo kwenye kusubiri ndipo wengi hushindwa. Beseni lisiwe lako la keki.