Povu la Bacillus limenishinda, wakuu

Chachu_Moro: Wakuu, naomba msaada. Kwenye mradi wangu wa shahada nazalisha safaktini (kemikali inayofanya kazi kama sabuni) kwa bakteria Bacillus subtilis, chakula chake molasi ya miwa. Chombo cha lita 5, nyuzi 37, hewa naipuliza kwa nguvu. Kufika saa ya 14 povu linapanda, linalowesha kichujio cha hewa na kumwagika mezani. Juzi nimedeki sakafu saa nane usiku. Nikitia dawa ya kuua povu linatulia, ila mazao yanakuwa kiduchu.

Mzee wa Maabara: Kijana, unachokideki ndiyo mali yenyewe! Safaktini hukimbilia kwenye povu. Acha hiyo dawa. Funga mpira mpana tundu la juu, uelekeze kwenye ndoo safi. Povu likishuka kuwa maji, ondoa seli za bakteria kwa sentrifyuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi), shusha pH hadi 2 kwa asidi ya hidrokloriki, laza kwenye friji. Asubuhi utakuta mashapo chini, ndiyo safaktini yako.

dada_bakteria: Na usijaze chombo zaidi ya nusu. Chuma na manganizi kidogo humchangamsha Bacillus, lakini molasi ina madini yake tayari, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye chupa ndogo. Ukiweza, pima mvutano wa uso: maji ni 72 mN/m (milinyutoni kwa mita), safaktini huushusha hadi karibu 27.

Chachu_Moro: Shikamoo mzee, ndoo imejaa! Mlinzi kapita akauliza kama siku hizi tunafulia humu.