MREJESHO: Kipindi cha sauti kwenye semina ya walimu, likizo ya Juni

Wadau, niliuliza namna ya kuingiza afya ya mwalimu kwenye semina ya likizo bila kumega muda wa MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini). Mlioshauri tuanze na utunzaji wa sauti, asanteni sana. Imefanya kazi.

Zoezi lilikuwa hivi: kila mwalimu alikuwa na chupa ya nusu lita iliyojazwa maji nusu, na mrija wake mwenyewe (wasiazimane). Mrija unazama sentimita 2 hadi 3 tu. Unafunga midomo kuuzunguka, unatoa sauti ya "uuu" mpaka maji yatoe mapovu, dakika moja, unapumzika, unarudia. Halafu unapandisha sauti na kuishusha taratibu, kama king'ora.

Wengi walikosea palepale: walipuliza hewa bila sauti. Gusa koo kwa vidole. Lisipotetemeka, hapo hakuna zoezi. Wengine walizamisha mrija hadi chini wakaishia kukaza shingo, maana kina kikizidi, upinzani wa maji nao unazidi.

Kipindi hiki kifanyike asubuhi, kabla ya kazi za vikundi. Baada ya chakula cha mchana hampati mtu.

La darasani: watoto 80 hawatulizwi kwa kupaza sauti, tumieni makofi ya mdundo na ishara ya mkono. Kunong'ona nako siyo kupumzisha sauti, mara nyingi hukaza koo. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, mwalimu amwone daktari wa masikio, pua na koo.

Kikao kijacho cha jumuiya ya kujifunza tunataka kugusa maumivu ya mgongo. Mwenye mazoezi yasiyohitaji mkeka, naomba.