Polima inazilindaje nanokristali za perovskaiti mseto?

Mwanafunzi wa kemia, Kigoma
Ndugu wanajukwaa, ninaandaa semina kuhusu nanokristali (fuwele ndogo mno) za perovskaiti mseto, mata inayotumika kwenye seli za sola na vioo vya televisheni, ambamo ioni ya kikaboni ya methilamonia hukaa katikati ya kizimba cha risasi na bromini au iodini. Unyevu huziharibu upesi, na huku kando ya Ziwa Tanganyika, msimu wa mvua ukikolea, hata chumvi ya mezani hulowa. Je, polima (molekuli za mnyororo mrefu, kama za plastiki) huzuia maji tu, kama rangi juu ya bati, au huishika fuwele yenyewe?

Mwalimu wa kemia, Tabora
Yote mawili, na mimi nalithamini zaidi la pili. Kwa kawaida nanokristali hizi hufunikwa na asidi ya oleiki na oleilamini, molekuli ndogo zinazoushika uso wa fuwele na kuuachia kila mara. Nanokristali zikisafishwa kwa kiyeyushi, molekuli hizo nyingi huondoka, na ioni za risasi zinazobaki wazi huwa mahali pa kuanzia uharibifu. Mnyororo wa PMMA (plastiki angavu ya akriliki) una vikundi vingi vya kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni), ambavyo oksijeni yake huipa risasi jozi ya elektroni, hivyo kimoja kikiachia, vingine huendelea kushika. Polistairini haina vikundi hivyo, lakini huchukia maji, na ikivimbishwa kwa kiyeyushi chenye viambato vya perovskaiti, kisha ikakaushwa, fuwele huumbika na kufungiwa humohumo ndani.

Fundi wa sola, Kigoma
Shikamoo Mwalimu. Kama ni hivyo, kwa nini tusiijaze polima hiyo kwenye paneli? Na joto la bati mwezi wa Oktoba je?

Mwalimu wa kemia, Tabora
Marahaba. Polima nyingi za aina hii hazipitishi umeme. Katika utando wa kioo cha televisheni, unaopokea mwanga wa buluu na kutoa wa kijani, hilo halidhuru. Katika seli ya sola, ambako chaji lazima zitoke, hutiwa kiasi kidogo tu au tabaka jembamba sana. Kuhusu joto, polima huchelewesha methilamonia kutoroka ikiwa gesi, lakini haiizuii kabisa, ndiyo maana watafiti wengi huibadilisha kwa ioni nyingine: formamidini, ambayo pia ni ya kikaboni, au sizi (metali ya Cs). Mwanafunzi, katika semina yako tenganisha matokeo ya maji na ya joto: utando uliong'aa ukiwa umezamishwa majini haujathibitisha chochote kuhusu jaribio la paneli la nyuzi 85 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85 kwa saa 1,000.