Binti yangu kakatwa alama kwa kusema dirisha si mtenda

Wakuu, nina hasira tangu Ijumaa na sitaki kuficha.

Binti yangu yuko darasa la sita. Karudi na karatasi ya jaribio la Kiingereza, swali linataka waandike mtenda ni nani katika kila sentensi. Sentensi ya tatu: "The window broke." Mtoto akaandika kuwa mtenda hajatajwa. Kawekewa kosa kwa kalamu nyekundu, na pembeni limeandikwa jibu linalotakiwa: the window.

Dirisha limetenda nini jamani? Limepigwa jiwe, au mpira, au upepo, sentensi haisemi. Lenyewe limevunjika tu.

Nikaenda shuleni. Mwalimu akaniambia, "Mzazi, kiima ndiye mtenda, hivyo ndivyo tunavyofundisha." Yaani lile neno linalotangulia kitenzi ndilo lililotenda, basi. Nikamwonyesha sentensi ya tano: "Grandmother heard a noise." Bibi kakaa zake, sauti imemfikia, mtenda yuko wapi hapo? Akasema nisiwachanganye watoto.

Nani anamchanganya nani? Shule hiyo hiyo, kwenye kipindi cha Kiswahili, inamfundisha kauli za vitenzi: vunja, vunjwa, vunjika, vunjia. Mtoto anajua kabisa kwamba "kijana alivunja dirisha" na "dirisha lilivunjika" si jambo moja, kwa sababu Kiswahili kinakuonyesha mwishoni mwa kitenzi nani kafanya na nani kapatwa. Kiingereza hakikuonyeshi. The boy broke the window. The stone broke the window. The window broke. Kitenzi ni kile kile, kiima kimeanza na mtenda, kikaja ala, yaani kitu kilichotumika, kikaishia kwa kilichopatwa. Mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, alilieleza jambo hili mwaka 1968 kwa mfano wa kitenzi open na mlango unaofunguliwa na mtu, unaofunguliwa na upepo, na unaofunguka. Binti yangu kaliona mwenyewe akiwa na miaka 11 na malipo yake ni kosa!

Halafu kuna yale madaftari ya msamiati. Safu ya kushoto Kiingereza, safu ya kulia neno moja la Kiswahili, kariri. Run: kimbia. Basi mtoto akikutana na "the engine is running" anaandika injini inakimbia, na "she runs a shop" hajui aanzie wapi. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walihesabu maana 645 za kitenzi hicho kimoja. Sisemi mtoto ajue zote, ila aambiwe kwamba maana inaamuliwa na maneno yanayolizunguka neno. Rent nayo imeandikwa kupanga, basi. "My uncle rented a house" inaweza kuwa kapanga au kapangisha, yaani mjomba ndiye anayelipa kodi au ndiye anayeipokea, na huwezi kujua mpaka usome sentensi inayofuata. Msiniambie Kiswahili hakina mambo hayo. Kinayo, kuazima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Ndiyo maana mtoto angeelewa haraka kama angeelezwa.

Vivumishi ndiyo balaa zaidi. Daftari linasema boring ni kuchosha, na bored pia ni kuchosha. Nimeshasikia kijana wa kidato cha nne kwenye usaili wa kazi akisema "I am boring when I have no work," akimaanisha anachoka kukaa bure. Kajitangaza kuwa yeye ndiye anayewachosha wenzake, na waliokuwa wanamhoji wakatazamana. Alifundishwa hivyo, kosa si lake. Kiambishi kimoja tu cha mwisho, -ing au -ed, ndicho kinachotenganisha anayesababisha na anayepatwa, na mwalimu angeweza kukimaliza kwa dakika tano kwa kutumia "anachosha" na "amechoshwa". Hakuna aliyefanya hivyo.

Binti yangu sasa ananiuliza kama kwenye mtihani aandike anachokiona au anachotaka mwalimu. Sijamjibu, na hilo linaniuma kuliko alama zenyewe.

Jumatatu narudi shuleni na karatasi ile ile, safari hii kwa mwalimu wa taaluma. Walimu wa Kiingereza mliomo humu, semeni: "The window broke" mnaisahihishaje darasani kwenu?