Darasa la watoto 90 na zaidi, masomo ya vitendo mnayaendeshaje?

Madam_Buhongwa
Mwangaluka wadau. Nafundisha msingi hapa Mwanza, hisabati na sayansi la sita na la saba, darasa moja watoto wamezidi 90, dawati moja wanabanana wanne. Kila semina tunaambiwa fundisha kwa vitendo na mimi naafiki kabisa, ila ukirudi shuleni hela ya zana hakuna, maabara hakuna, na kipindi ni dakika 40. Inaniuma kuona watoto wanaimba kanuni ya mzingo wa duara vizuri kabisa afu ukiwapa sufuria wapime wanakutazama tu. Naomba waliofanya kweli waniambie, somo gani, mlitumia nini na darasa mlilipangaje. Wa sekondari pia karibuni, mdogo wangu anafundisha jiografia kidato cha pili na analia kilio hikihiki.

Ticha_Kirumba
Pole na kazi madam. Hilo la mzingo ni rahisi, jana yake waambie kila mmoja aje na kitu cha duara toka nyumbani, mfuniko wa ndoo, sahani, kopo la rangi, sinia, hakuna nyumba isiyo nacho. Wewe tafuta uzi wa nyavu, huku kwetu haukosekani. Makundi ya sita sita, wazungushe uzi ukingoni, waunyooshe kwenye rula, wapime na kipenyo, kisha wagawanye mzingo kwa kipenyo. Majibu ya makundi yote yaandike ubaoni safu moja, na hapo usitaje pai kabisa, waache waone wenyewe kwamba sinia na kopo vyote vinatoa 3.1, 3.2, 3.1. Lazima kundi moja litaleta kitu kama 3.6, hao waite mbele wapime tena wenzao wakiangalia, mara nyingi ni rula haikupita katikati ya mfuniko kwa hiyo kipenyo kimetoka kifupi. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake huna haja ya kumkaririsha maana ya kipenyo.

Jiografia_Nyegezi
Huyo mdogo wako mwambie asimike mti uwanjani kwa ajili ya longitudo na muda. Yaani fimbo iliyonyooka kama mita moja, sehemu tambarare, na aombe vipindi viwili vinavyofuatana. Kabla hawajatoka darasani awaulize kivuli kitakuwa kifupi kabisa saa ngapi, wote watasema saa sita kamili mchana, jua la utosi. Sawa, waanze saa sita hiyohiyo, kila dakika tano kundi moja linaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli. Watashangaa, saa sita inapita na kivuli bado kinafupika, sita na robo, sita na nusu, kinakuja kugeuka saa saba inakaribia!

Hapo ndo uwarudishe kwenye ramani. Saa yetu ya Afrika Mashariki inafuata longitudo 45 Mashariki, Mwanza tuko karibu na 33, tofauti nyuzi 12, kila uzi mmoja dakika 4, jumla dakika 48. Hesabu ambayo walikuwa wanaikariri kwa miji ya mbali sasa wameikanyaga uwanjani kwao. Ila achague mwezi, Mei ni mzuri, maana katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita juu yetu kabisa na kivuli kinakuwa kama hakipo. Na dakika zenyewe zinacheza kidogo, Novemba inawahi karibu na sita na nusu, Februari inafika saa saba.

Mwalimu_wa_Ukerewe
Mimi naanzia kwa kile watoto wanachokijua. Huku visiwani mtoto anajua mbalamwezi ikiwa kali baba haendi ziwani, kwa sababu dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na mwezi ukiwaka taa haiwavuti, wavuvi wanasubiri giza. Lakini muulize kwa nini mwezi unabadilika, kimya. Basi kila mtoto anatenga kurasa za nyuma za daftari, kila siku anachora mwezi alivyouona na pembeni anaandika mitumbwi ya dagaa imetoka au haijatoka. Baada ya mwezi mpevu wataanza kukwambia umepotea, maana jioni hawauoni tena. Waambie wautafute asubuhi wakija shule, upande wa magharibi, upo pale juu umeanza kumegeka. Wakimaliza siku 29 au 30 wanafungua daftari na duara limejifunga. Kwa watoto 90 hii ni nafuu sana, kazi inafanyika nyumbani, darasani mnakuja kulinganisha tu, na tochi moja na mpira vinatosha kuonyesha jua na mwezi.

La kuelea pia tunalifanya, udongo wa mfinyanzi ule ule ukiuviringa unazama, ukiutandaza uwe mtumbwi unaelea, wanapakia kokoto mojamoja wanahesabu. Halafu wanapakia zote upande mmoja. Hapo mimi huwa natulia nao muda mrefu, huku kila familia inakumbuka kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka 2018 kikiwa kimejaa kupita kiasi, watoto hawa wanapanda vyombo kila wiki na nataka wajue kwa nini mtu anakataa kupanda chombo kilichojaa.

Madam_Buhongwa
Asanteni sana jamani, mifuniko naanza nayo Jumatatu. Nilitaka pia niwapeleke ufukweni wakachore mitumbwi na mawe, mnasemaje? Na kusahihisha madaftari 90 ya vitendo inakuwaje?

Ticha_Kirumba
Ufukweni nenda, ila wasiingize hata miguu majini, kichocho kipo na wale konokono wanaokieneza wanakaa kwenye majani ya pembeni, wakae juu ya mawe makavu. Kusahihisha, kila kundi karatasi moja, mwandishi abadilike kila wiki asiwe yule yule mwenye mwandiko mzuri. Ukishakusanya, nyoosha kidole kwa mtoto yeyote wa kundi aeleze walichopata, hasa wale wa nyuma kabisa, akishindwa unalirudishia kundi zima karatasi yao.