Mrejesho: Kibarua cha wiki mbili na Universal Credit

Wakuu, asanteni kwa majibu. Swali lilikuwa: anayepokea Universal Credit (posho ya serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi) akichukua kibarua cha wiki mbili ghalani, posho inakatika? Haikatiki, inapungua. Kila pauni 1 inayoingia mkononi baada ya kodi inaondoa peni 55. Asiye na mtoto wala ugonjwa unaomzuia kufanya kazi hana kiwango cha msamaha, yaani kiasi cha mshahara kisichoguswa. Anakatwa kuanzia pauni ya kwanza. Pauni 400 zinaondoa 220, faida 180, na nauli ni juu yako. Anayeona bora akae nyumbani simlaumu.

Kinachoumiza zaidi ni tarehe. Kinachohesabiwa ni siku mshahara ulipolipwa, si siku ulizofanya kazi. Wakala aliyekupa kazi akichelewesha, malipo yanaweza kuangukia mwezi wa tathmini (mwezi unaotumika kukokotoa posho yako) wenye mshahara mwingine tayari. Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi, angalia kwenye akaunti yako ya Universal Credit mtandaoni mwezi wako wa tathmini unaanza tarehe ngapi, kisha uliza siku ya malipo.

Posho ikishuka hadi sifuri na dai likafungwa, omba tena ndani ya miezi 6 kupitia akaunti ileile. Hutasubiri upya zile wiki 5 za mwanzoni.